Daraja la kwanza: kwa msafiri wa Meru na Embu, nyongeza hiyo inalipa?

Meru na Embu hatuna reli. Ile inayotoka Nairobi kupitia Thika, Sagana na Karatina ilifika Nanyuki karibu mwaka 1930 ikaishia hapo. Hadi leo, mtu wa Meru mjini akitaka kupanda treni hiyo ni lazima kwanza asafiri kilomita kama 80 kupitia Timau, na wa Embu ateremke hadi Sagana. Njia hiyo ilifufuliwa mwaka 2020 baada ya kulala zaidi ya miaka kumi, lakini treni yake ya abiria imekuwa ya wikendi. Inamfaa anayetaka kuutazama Mlima Kenya kupitia dirishani. Mwalimu anayetakiwa darasani Jumatatu asubuhi haimsaidii.

Hata hivyo swali la daraja la kwanza linatuhusu, tena mara mbili. Mara ya kwanza ni pale unapokata tiketi ya Madaraka Express kwenda Mombasa na simu inakuuliza unataka daraja gani. Mara ya pili wengi hawaiiti kwa jina hilo. Ni kila siku unaposimama stejini ukachagua kati ya Nissan ya viti 14 na lile gari la viti kumi au kumi na kimoja, lenye nafasi ya miguu, mahali pa kuchajia simu na waifai inayofanya kazi ikipenda. Hilo ndilo daraja la kwanza la huku kwetu, na kwa watu wengi ndilo linalokula pesa nyingi zaidi, kwa sababu linakula kidogo kidogo.

Tuanze na treni yenyewe, kwa kuwa bei zake ziko wazi.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, safari nzima ya Nairobi hadi Mombasa ni Sh1,500 daraja la kawaida na Sh4,500 daraja la kwanza. Tofauti ni Sh3,000 kwa upande mmoja. Unapata nini? Behewa la kawaida lina viti 118, watatu upande huu na wawili upande ule, mkitazamana na wenzenu magoti kwa magoti. Behewa la daraja la kwanza lina viti 72, wawili wawili, na nafasi ya kunyoosha miguu. Ni starehe ya kweli, hatukatai. Lakini behewa la kwanza na la mwisho yanavutwa na injini moja. Wa Sh4,500 na wa Sh1,500 wanashuka Miritini dakika ile ile na kupanga foleni moja ya matatu za kuingia mjini.

Safari ya moja kwa moja ni kama saa tano. Gawa Sh3,000 kwa tano: unakodi kiti kizuri kwa Sh600 kila saa, juu ya nauli. Ukiiona hivyo unaweza kuamua bila kubabaishwa na neno "daraja".

Wazee watakumbuka kwamba zamani hesabu haikuwa hii. Treni ya usiku ya reli ya zamani, iliyosimama mwaka 2017, ilikuwa na vyumba vya vitanda viwili kwa daraja la kwanza, vitanda vinne kwa la pili, na viti vitupu kwa la tatu. Aliyelipia la kwanza alinunua usiku mzima wa usingizi na akaokoa pesa za kulala hotelini. Sasa hakuna kitanda. Jina limebaki lile lile, bidhaa imebadilika.

Na treni za kuingia Nairobi asubuhi, zile za Thika, Syokimau na Embakasi? Hizo hazina daraja la kwanza. Miji mikubwa ya ng'ambo nayo ilikuja kuona hivyo: Paris iliondoa daraja la kwanza kwenye treni zake za chini ya ardhi mwaka 1991, na London ilipofungua reli ya Elizabeth mwaka 2022 haikuliweka kabisa. Safari ikiwa fupi na watu ni wengi, behewa la wachache ni nafasi iliyopotea.

Sasa turudi barabarani

Hapa nauli hubadilika. Hupanda Krismasi, shule zikifungwa, na hata mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, kila mtu anajua. Kwa hivyo tutatumia nauli za mfano. Wewe weka zako mahali pake, hesabu itabaki ile ile.

Chukua mtu anayeishi Runyenjes na kufanya kazi Embu mjini, kilomita kama 20. Tuseme Nissan ni Sh100 na gari la starehe ni Sh150. Tofauti ni hamsini. Nani atagombania hamsini? Lakini huyu anasafiri mara mbili kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni safari 44, na hamsini zake zimekuwa Sh2,200. Kwa miezi 11 ya kazi ni Sh24,200.

Sasa mchukue anayefanya kazi Nairobi na familia iko Embu. Anakuja Ijumaa, anarudi Jumapili jioni au Jumatatu alfajiri. Tuseme gari la kawaida ni Sh500 na la starehe Sh700. Safari nane kwa mwezi, nyongeza ya Sh1,600, na kwa miezi 11 ni Sh17,600.

Na yule anayekwenda Mombasa mara moja kwa mwaka na kukaa daraja la kwanza kwenda na kurudi? Nyongeza yake yote ni Sh6,000.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Kwa saa, treni ndiyo ghali: Sh600, wakati gari la starehe la Embu kwenda Nairobi, kwa safari ya saa mbili na nusu, ni Sh80 tu kwa saa. Kwa mwaka, hamsini za Runyenjes zimepita tiketi ya kifahari ya Mombasa mara nne. Zile Sh24,200 zingeweza kupeleka watu wanane Mombasa na kuwarudisha Nairobi katika daraja la kawaida, na chenji ya Sh200 ibaki.

Hatusemi hamsini isilipwe. Tunasema ilipwe ukijua ni elfu ishirini na nne.

Kuna ada ambayo watu hawaihesabu

Hii ndiyo kazi yetu, kwa hivyo tuvumilie kidogo. Kwa viwango vya M-PESA vilivyoanza Julai 2023, kumtumia mtu Sh100 au chini ni bure. Kuanzia Sh101 hadi Sh500 ni Sh7, kuanzia Sh501 hadi Sh1,000 ni Sh13, na kuanzia Sh1,001 hadi Sh1,500 ni Sh23.

Rudi kwa mtu wetu wa Runyenjes. Akimtumia makanga Sh100 kwenye nambari yake ya simu, hatozwi kitu. Akipanda gari la Sh150, anatozwa Sh7. Kwa hivyo nyongeza yake si hamsini, ni Sh57. Kwa safari 44, hizo saba zinakuwa Sh308 kwa mwezi, yaani nauli ya safari tatu nzima za kupanda Nissan na hata baki. (Wapo wanaotuma 100 kisha 50, zote bure. Inafanya kazi, ila makanga mwenye abiria kumi na watano wa kupokea hatakupenda.)

Wa Nairobi hadi Embu naye amevuka ngazi bila kujua: Sh500 ilikuwa ada ya Sh7, Sh700 ni ada ya Sh13. Wa Meru anayetoka nauli ya Sh1,000 kwenda ya Sh1,500 anatoka Sh13 hadi Sh23.

Dawa yake ni rahisi. Uliza kama gari lina nambari ya till. Ukilipa kwa till, mteja hatozwi. Sacco nyingi za safari ndefu huibandika dirishani pa kukatia tiketi, lakini ukiwa umeshaketi ndani mara nyingi utapewa nambari ya mtu. Kwa hivyo lipia dirishani kabla ya kupanda. Utapata pia risiti, na jina la sacco litabaki kwenye ujumbe wako, jambo la maana sana ukisahau mzigo garini.

Njia ghali kuliko zote ni kwenda kwa ajenti kutoa Sh500 ndipo ulipe kwa noti. Kutoa kiasi hicho ni Sh29. Ukifanya hivyo kila Ijumaa na kila Jumapili umetoa Sh232 kwa mwezi kwa ajili ya kushika karatasi tu.

Gari la starehe linafika mapema?

Hili ndilo swali ambalo watu hujijibu haraka mno. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zile tunazoziita sheria za Michuki, ziliweka vidhibiti mwendo na kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria. Kikomo ni kimoja kwa Nissan ya kelele na kwa gari lenye viti vya ngozi. Kutoka Embu hadi Nairobi ni kama kilomita 130. Hata barabara ingekuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo huo huwezi kufika chini ya saa moja na dakika 37 hivi. Ukifika msongamano wa Thika Road, nyote mnasimama pamoja. Gari la starehe likifika mapema sana kuliko lingine, umeuziwa kuvunjwa kwa sheria, na hatari ni yako.

Na hatari hiyo si maneno. Barabara ya Embu hadi Meru inashuka na kupanda mabonde ya mito, na kila anayeipita analijua daraja la Nithi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilianguka hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Kiti kipana hakisaidii mahali kama hapo. Kinachosaidia ni mkanda uliofungwa na dereva asiye na haraka, na vyote viwili unaweza kuvidai katika gari la nauli yoyote.

Muda wa kweli unaookolewa uko stejini. Gari linaondoka likijaa. La viti kumi linahitaji watu kumi, la 14 linahitaji 14, na saa nne asubuhi siku ya Jumanne hao wanne wa ziada wanaweza kukuweka hapo nusu saa. Lakini Ijumaa jioni pale Tea Room, Nissan inajaa kabla hujamaliza kununua maji, na huenda gari la starehe ndilo litakalokuweka kwenye foleni. Kwa hivyo siku ya kazi ya kawaida, saa za katikati, nyongeza inaweza kununua muda. Saa za msongamano hainunui.

Ukitaka kuona nani hasa anapaswa kulipia mwendo, tazama miraa. Inakatwa Igembe na kufungwa kwa majani ya mgomba, kisha inawahishwa Nairobi siku hiyo hiyo, kwa sababu bei yake inanyauka pamoja nayo. Kila saa ikichelewa ina hasara inayohesabika. Jiulize swali hilo hilo: saa yangu moja ikichelewa, nani anapoteza shilingi ngapi? Fundi anayesubiriwa na mteja anajua jibu. Anayekwenda nyumbani kulala anajua pia, na jibu lake ni tofauti.

Kuna anayesema atafanya kazi njiani. Kwenye treni ya Mombasa inawezekana, kuna meza na safari imetulia. Kati ya Chuka na Nkubu, kwa kona zile, hata kusoma ujumbe wa simu ni kujitafutia kichefuchefu. Kama kazi yako ni kompyuta, usilipie gari la starehe kwa matumaini ya kufanya kazi kabla hujajaribu mara moja uone umeandika kurasa ngapi.

Nani alipie, basi?

Mgongo unaouma ni sababu tosha, haina haja ya hesabu. Mama mjamzito vilevile. Anayetoka zamu ya usiku hospitalini akarudi nyumbani saa moja asubuhi, ambaye hizo dakika arobaini ndizo usingizi wake wa kwanza, sisi tungemshauri alipie akirudi na apande Nissan akienda. Kwa kufanya hivyo tu amekata nyongeza nusu, kutoka Sh2,200 hadi Sh1,100 kwa mwezi, na hakupoteza chochote alichokihitaji.

Lakini kuna msafiri mmoja ambaye watu wengi humsahau wakihesabu starehe zao. Ni mzazi. Mama yuko Meru, kliniki yake iko Nairobi, anatakiwa kila miezi mitatu. Yeye hatasema magoti yanamuuma, na ukimtumia nauli ya kutosha atapanda gari la bei ya chini ili abakishe. Tuseme tofauti ni Sh500 kila upande: kwa kliniki nne za mwaka ni Sh4,000, na akiwa na mtu wa kumsindikiza ni Sh8,000. Hiyo ni theluthi moja tu ya zile hamsini hamsini za Runyenjes. Mtu mwenye miaka 35 na mgongo mzima anayekaa kiti kipana kila siku, huku mama yake wa miaka 70 akibanwa kwenye kiti cha nyuma saa nne au tano, amepanga daraja lake vibaya. Kwa maoni yetu, hapo ndipo pesa za daraja la kwanza zinapofanya kazi kuliko mahali pengine popote.

Na usiikope. Ikiwa mwisho wa mwezi unalipia kiti cha starehe kwa Fuliza, kuna ada ya kuifungua na ada ya kila siku deni likikaa, kwa hivyo kiti kile kile unakilipia tena ukiwa umeshashuka. Siku salio halitoshi, panda Nissan.

Ukikata tiketi ya treni

Piga *639# na ufuate maagizo, au tumia tovuti ya Shirika la Reli. Jina na nambari ya kitambulisho viwe vya msafiri mwenyewe, kwa sababu hukaguliwa stesheni. Malipo huja kama ombi kwenye simu yako: soma jina na kiasi kabla ya kuweka PIN. Mtu akikupigia akisema anazo tiketi za daraja la kawaida zilizobaki na umtumie kwa nambari yake, kata simu.

Nunua mapema. Pasaka na Desemba daraja la kawaida huisha kwanza, na wengi wanaokaa daraja la kwanza siku hizo hawakulichagua. Limebaki hilo tu, na familia ya watu wanne inalipa Sh12,000 zaidi upande mmoja kwa kuchelewa kukata tiketi. Na kumbuka unatoka mbali. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, si katikati ya jiji, na ni lazima ufike mapema kwa ukaguzi wa mizigo. Treni haikusubiri kwa sababu umelipia zaidi. Ukitoka Meru asubuhi kwa ajili ya treni ya mchana, msongamano mmoja tu wa Thika Road unatosha kukupotezea tiketi, na ya Sh4,500 inapotea kama ya Sh1,500.

Kulipia mtu aliye mbali

Kama utamlipia mama kutoka Nairobi, usimtumie yeye pesa za nauli. Omba sacco ya Meru nambari yao ya till kwa simu, ulipe moja kwa moja, kisha wasomee msimbo wa ujumbe wa M-PESA na jina la msafiri ili waandike kwenye risiti. Uliza kiti ni kipi: wa dirishani nyuma ya dereva hupanda na kushuka kwa urahisi kuliko wa nyuma kabisa. Jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha liwe la sacco. Likitokea jina la mtu usiyemjua, simamisha, uwapigie tena. Na ikiwa umeshamtumia mtu asiye sahihi, peleka ujumbe ule ule wa malipo kwenye 456 papo hapo, kabla pesa hazijatolewa.